Mwenye degedege apange foleni?

Mwandishi, kwenye makala yenu mnasema hospitali za nchi zinazoendelea haziko tayari kwa dharura za watoto kwa sababu vifaa ni haba. Sawa, vifaa gani? Juzi kati hapa Mwanza, kituo sikitaji, mtungi wa oksijeni ulikuwepo umejaa. Mipira ya puani ya saizi ya kichanga ndiyo hamna, yote ya watu wazima. Halafu mama ana mtoto anatweta, mbavu zinabonyea, anaambiwa akafungue faili kwanza! Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuchambua watoto mlangoni, ili aliye mahututi atangulie, hautaki mashine kubwa: muuguzi anaangalia pumzi, degedege, ubaridi wa mikono. Na mtoto wa kisiwani Ukerewe akipewa rufaa ya hospitali ya Bugando, huku Mwanza mjini, usiku vivuko vimeshalala, atavukaje? Ungetuulizia na hilo.