Gavana na MCA wakizozana, taka za soko zina kosa gani?

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia: "Pesa haijatoka Nairobi." Husemwa Julai, hurudiwa Agosti, na ikifika Septemba anayeisema haoni haya tena. Anayeambiwa hivyo ni mama mboga ambaye hulipa ushuru wa soko kabla hata hajapanga nyanya zake. Yeye akichelewa kulipa, askari wa kaunti wanabeba bidhaa. Kaunti ikichelewa kuzoa taka, anaambiwa avumilie.

Ukwamaji huu wa fedha za kaunti za Kenya si ajali, ni msimu. Mwaka 2019 mgao wa kaunti wa Sh316.5 bilioni ulikubaliwa Septemba, mwaka wa fedha ukiwa umeanza Julai 1. Mwaka 2020 Seneti ilibishania fomyula ya ugavi hadi Septemba 17, magavana wakiwa wametangaza kufunga shughuli. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano, kaunti zilizokuwa zimepangiwa Sh400.1 bilioni zikaambiwa zitapata Sh380 bilioni, mvutano ukaendelea hadi Desemba, zikaishia kupata Sh387.425 bilioni. Haya yametokea chini ya sheria inayoitaka Hazina ya Taifa kutuma fedha kabla ya siku 15 za kwanza za kila robo mwaka kuisha.

Hapo sijagusa migogoro ya nyumbani: MCA, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, wanakataa bajeti, gavana anakataa kutia saini, hoja ya kumtimua inaletwa, wote wanahamia mahakamani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, kifungu cha 134, inaruhusu bunge la kaunti kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ili kazi ziendelee bajeti ikikwama. Lakini anayetakiwa kuidhinisha nusu hiyo ni bunge lilelile linalogombana.

Swali langu ni hili: chini ya kaunti, nani ana uwezo wa kuendelea na kazi? Kisheria jibu lipo. Ni bodi ya manispaa. Kiutendaji, bodi nyingi hukwama siku ileile kaunti inapokwama.

Mwaka 2013 tulivunja mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya, na majukumu yake yakahamia kaunti 47. Nakubali, shingo upande, kwamba mengi yalistahili kuvunjwa. Yaliacha madeni, wafanyakazi hewa na viwanja vya umma vilivyogawiwa marafiki. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulilinda: karani wa mji alikuwa na akaunti ya baraza na bajeti ya baraza, na ushuru wa soko uliingia humo. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilikuja na bodi, na marekebisho ya 2019 yakashusha kiwango cha manispaa hadi wakazi 50,000. Miji mingi ikapata hati ya manispaa, bodi ya watu tisa na meneja. Fedha zikabaki makao makuu ya kaunti.

Fuata shilingi ya ushuru uone inavyozunguka. Mama mboga analipa kwa simu asubuhi. Fedha inaingia kwenye akaunti ya makusanyo, kisha inatakiwa kuhamishiwa Mfuko wa Mapato ya Kaunti. Ili itoke humo, idara ya fedha ya kaunti inaandika ombi, Mdhibiti wa Bajeti anaidhinisha, fedha inaingia akaunti ya matumizi, na malipo yanapitishwa kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali. Meneja wa manispaa mara nyingi hana kifungu chake cha bajeti. Dizeli ya tipa yake imo ndani ya kifungu cha idara ya ardhi na miji, na mwenye idhini ya matumizi ni afisa mkuu wa idara hiyo, ambaye ana barabara, ramani na semina zake za kulipia. Bajeti isipopitishwa, ombi halina msingi wa kisheria, na Mdhibiti hawezi kuidhinisha. Kwa hiyo mji unaokusanya ushuru kila siku unakosa mafuta ya lori, na hakuna aliyeiba. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba mji unaweza kusimama hivi hata kila afisa akifuata sheria kikamilifu.

Na kuchelewa huku kuna gharama. Taka za soko ni mbichi: majani ya kabeji, maganda ya ndizi, matunda yaliyooza. Zikizolewa kila siku, vibarua wachache wenye sepetu na tipa moja wanatosha. Zikikaa wiki mbili zinajikandamiza na kulowana, maji meusi yanatiririka mtaroni, na sasa unahitaji tingatinga la kukodi na safari nyingi za kwenda jaani. Uzito unaongezeka, mafuta yanaongezeka, bei inaongezeka. Ubaya zaidi ni kalenda. Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya kuzibua mitaro kabla ya mvua za vuli, nayo ndiyo miezi ambayo fedha haipo. Fedha ikija Novemba, mtaro umeshajaa, maji yameshaingia vibandani, na fungu lililokuwa la kuzuia linatumika kukarabati. Mulika mwizi, ile taa ndefu ya kumulika soko, nayo ikikatwa umeme kwa bili, wauza samaki wa jioni wanafunga mapema. Wanaofunga mapema hawana ushuru wa kulipa, na mapato ya kaunti yanashuka tena.

Dawa tunaijua kwa sababu tumeshaitumia hospitalini. Kwa miaka mingi ada ya wagonjwa ilisafiri njia hiyohiyo hadi Mfuko wa Mapato, huku hospitali iliyoikusanya ikikosa glavu. Sheria ya Ufadhili wa Kuboresha Vituo vya Afya ya 2023 ikaruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia papo hapo, chini ya bajeti iliyoidhinishwa na ukaguzi. Katiba, Ibara ya 207, inaruhusu fedha kutoingia Mfuko wa Mapato iwapo Sheria ya Bunge imezitoa kwa sababu za msingi. Basi Bunge litunge sheria kama hiyo kwa manispaa, iseme wazi ni mapato gani: ushuru wa soko, ada ya taka, maegesho, vyoo vya umma na machinjio. Kodi ya ardhi na leseni kubwa zibaki kaunti.

Kama kuna anayedhani hili ni ndoto, atazame Ireland Kaskazini. Serikali yao ya ugatuzi pale Stormont ilikwama tangu Januari 2017 hadi Januari 2020, ikakwama tena Februari 2022 hadi Februari 2024. Mabaraza 11 ya maeneo yaliendelea kuzoa taka, kutoa vibali vya ujenzi na kusajili vizazi na vifo, kwa kuwa kila baraza hupanga lenyewe kiwango chake cha kodi ya majengo. Barabara na shule hawakuweza kuzigusa, kwa sababu hazikuwa mikononi mwao. Baraza linaokoa kile tu lilichopewa pamoja na fedha yake.

Sheria ya Bunge itachukua muda. Kaunti ina la kufanya sasa hivi. Kifungu cha 116 cha ileile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaruhusu kuanzisha mfuko maalumu wa umma kwa idhini ya kamati kuu ya kaunti na bunge la kaunti. Anzisheni mfuko wa huduma za mji. Wekeni humo, kabla ya Juni 30, kiasi cha kutosha miezi minne: dizeli, ujira wa vibarua, bili ya taa na maji ya soko, dawa ya vyoo, matengenezo ya tipa. Miezi mitatu haitoshi. Mwaka 2024 ulipita minne. Kanuni za mfuko ziorodheshe matumizi hayo na kukataza mengine yote, hasa safari na mikutano. Meneja awe msimamizi wa mfuko, si afisa mkuu. Na mihula ya wajumbe wa bodi ipishane, ili isiishe yote siku moja na kuiacha bodi bila akidi huku gavana na MCA wakivutana juu ya majina mapya.

Wapo watakaosema bodi zitaiba. Zinaweza. Lakini Mkaguzi Mkuu hukagua manispaa na kuzitolea ripoti zake, na matumizi ya lita za dizeli yakibandikwa ukutani sokoni kila wiki, wachuuzi wanajua tipa ilikuja mara ngapi.

Vijijini kuna baraza la kijiji: msimamizi wa kijiji na wazee watatu hadi watano, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kaunti nyingi hazijayaunda. Makueni, iliyowahi kukwama vibaya mwaka 2014 hadi tume ikapendekeza ivunjwe, ilijenga kamati za maendeleo kuanzia kijijini kwenda juu, na kamati ya mradi hutia saini kabla ya mkandarasi kulipwa. Hilo linastahili makala yake.

Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30. Mkiitwa kutoa maoni, msiishie kuomba barabara. Ombeni kuonyeshwa ukurasa wenye dizeli ya tipa ya mji wenu, jina la afisa mwenye idhini ya kuitumia, na tarehe ambayo muhula wa bodi yenu unaisha. Maswali hayo yaandikeni, mpeleke nakala kwa karani wa bunge la kaunti, na mwombe igongwe muhuri wa kupokelewa.