Udaktari wa meno sio spea tairi

Kuna kauli inanikera sana, eti ukikosa medisini kaaplai meno, kama vile meno ni spea tairi ya kukaa kwenye buti mpaka siku upate pancha. Na kwa Marekani ndo inasemwa sana maana njia zote mbili kwa nje zinafanana, unamaliza digrii ya kwanza, unafanya mtihani, unatafuta barua za walimu, unaitwa intavyuu, halafu miaka 4 ya chuo.

Sawa, tukiangalia maksi tu, wanaoingia medisini wastani wa GPA yao uko juu kidogo. Na MCAT, ule mtihani wa kuingia medisini, inachosha jamani, ukihesabu na mapumziko ni kama masaa 7 na nusu, fizikia imo, baiokemia imo, mpaka saikolojia imo, na maksi zinaanzia 472 zinaishia 528 (hesabu ya ajabu hiyo). DAT ya meno ni masaa 5 hivi na fizikia hamna kabisa. Hapo ndo mtu anasema ahaa, mteremko huo.

Subiri ufike kwenye PAT, sehemu ya DAT inayopima jicho lako kwenye maumbo. Maswali 90, dakika 60. Unaonyeshwa karatasi inakunjwa, inakunjwa tena, inatobolewa, halafu unaulizwa ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi. Au unapewa pembe 4 uzipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kwa macho tu, bila rula. Mimi siku ya kwanza kujaribu zile pembe niliona zote ni moja, nikafuta miwani, nikaangalia tena, bado ni moja. Pale hakuna cha kukariri, mtu mwenye A tupu za baiolojia analala chali vizuri tu. Canada ndo walikuwa kiboko, kwa miaka mingi kwenye mtihani wao waliweka na kuchonga kipande cha sabuni kwa kisu, kifuate mchoro na vipimo. Sabuni! Na wala sio utani, maana anayeshika drili ndani ya mdomo wako GPA yake haikusaidii kitu kama mkono unayumba.

Halafu watu wa meno wanamnusa mkimbizi wa medisini toka mlangoni. Wanakuuliza umekaa kliniki masaa mangapi ukimwangalia daktari wa meno anavyofanya kazi, we una masaa 200 ya wodini na 6 ya meno, na barua zako zinasema utakuja kuwa daktari mzuri wa moyo. Unajiteteaje?

Kitu kingine hakisemwi, wa meno akimaliza na kupata leseni, majimbo mengi anaanza kazi hapo hapo kama hataki ubingwa. Wa medisini anaanza upya kuomba nafasi ya mafunzo hospitalini, miaka 3 mpaka 7 tena, kwa hiyo ule wasiwasi wa kusubiri majibu anaupata mara mbili.

Juzi dogo mmoja kaniuliza aaplai zote mbili mwaka mmoja au vipi. Nikamwambia tafuta kipande cha sabuni na kisu, kaa jioni moja uchonge silinda, uone kama mkono unafurahia. Kanitumia picha ya kitu kama kandambili. Nikamjibu mdogo wangu, jaribu medisini.