Bosi Kabaki Asilimia Nne, Umeme Huo Umekwenda

Wanaobuni magemu ya mtandaoni, haya ya kujiundia mhusika na kuingia dunia moja na maelfu ya watu, wana mchezaji wao kichwani. Anaishi peke yake, LUKU yake haiishi, na hakuna wa kumpigia kelele "hebu njoo unibadilishie mtungi wa gesi". Huyo mtu Dar es Salaam hayupo. Hata Masaki hayupo. Kule wana jenereta, lakini watoto je?

Tuanze na umbali wa kutoka kwetu hadi kwenye seva, zile kompyuta zinazoendesha gemu. Huo hauna wa kulaumiwa. Kutoka Dar hadi Frankfurt, ziliko seva nyingi za Ulaya, ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 kabla hata mtu hajakosea chochote. Na waya wenyewe haunyooki, unazunguka baharini huko. Kwa hiyo unacheza na ucheleweshaji wa milisekunde 180, na kwa bando la simu saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa hewani, 250 zinazorukaruka. (Heri 200 iliyotulia kuliko 90 inayopanda ghafla mpaka 600.) Halafu mbunifu anakuletea bosi, yaani zimwi kuu la gemu, ananyanyua nyundo, una nusu sekunde (milisekunde 500) ya kukwepa. Toa 200 za waya, toa 250 za jicho na kidole. Umebakiwa na 50, na mwenzako wa Ujerumani anakuuliza kwa nini hukwepi.

Dawa ipo, tena ya zamani. Old School RuneScape, gemu lenye sura ya mwaka 2007, linaendesha dunia yake kwa mapigo ya sekunde 0.6. Amri yako ikiwahi kufika ndani ya pigo, inatekelezwa pigo linalofuata, uwe Frankfurt au Tandika. EVE Online nayo, gemu la vita vya meli za angani, meli zikijazana vitani, seva inapunguza mwendo wa muda hadi asilimia 10. Vita vinakwenda kama daladala Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, lakini foleni ni ya wote, hakuna mwenye king'ora.

Sasa umeme. Ukikatika katikati ya pambano, mhusika wako hatoki. Anabaki kasimama, mikono inaning'inia, anachapwa. Sababu inaeleweka: wakiruhusu kutoka papo hapo, kila anayekaribia kufa atachomoa waya. Seva haiwezi kujua kama umechomoa kwa ujanja au transfoma ya mtaa imelipuka, yenyewe inaona tu pakiti, vile vipande vya data kutoka kwako, haziji. Kwenye mapigano ya mtu kwa mtu, sawa, sheria ibaki. Lakini mko watano shimoni mnapigana na zimwi la kompyuta, mimi nikitoka nani kadhulumiwa? Zimwi lina familia? Pakiti zikikosekana sekunde 5, mhusika asiguswe; nafasi yake kundini itunzwe dakika 5; bosi abaki na damu (uhai) aliyokuwa nayo. Basi. Mpaka siku hiyo, nunua UPS ndogo (betri ya akiba) ya rauta, na soma volti chini ya rauta kabla ya kulipa. Ukiipa ya volti 12 umeme wa volti 9, taa zitawaka vizuri tu, halafu itajizima na kujiwasha usiku kucha.

Bahati nasibu ndiyo usiseme. Upanga una nafasi 1 kati ya 100 ya kudondoka kila zimwi likifa, mtu anajua akiua mazimwi 100 kaupata. Wapi! Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 100, inabaki 0.366. Maana yake watu 100 wakienda, kama 37 wanarudi mikono mitupu. Wakiua 300, bado watano hawana kitu, na kwa dakika 4 kila zimwi hizo ni saa 20 za bando. Kuweka kaunta kunashinda nini? Kila ukikosa, nafasi ipande kidogo, ukifika 200 upewe upanga wako ukalale.

Halafu leveli. Old School RuneScape wana leveli 99 za ujuzi, na nusu ya safari iko leveli ya 92. Pointi 6,517,253 kati ya 13,034,431. Unafika 92, unajipongeza, kumbe ndiyo kwanza uko Chalinze.

Kodi ya ndani ya gemu, cha ajabu, hiyo siigombi. Mazimwi yakifa yanatoa dhahabu mpya kila dakika, na isipokuwepo ya kuichota itoke, bei zinapaa mpaka mgeni hawezi kununua kofia. Mwaka ule ule wa 2021 tuliokuwa tunalia na tozo za miamala, Old School RuneScape nao wakaweka asilimia 1 sokoni kwao. Sehemu ya makusanyo wananunulia vifaa vilivyozidi na kuvifuta kabisa. Tozo inaonekana inakoenda!

Kinachoudhi ni kazi za kila siku, usipoingia leo zimekupita. Kwenye RuneScape siku inaanza upya saa sita usiku ya Uingereza wakati wa baridi, yaani saa tisa usiku kwetu. Nani yuko macho, mlinzi? World of Warcraft, gemu la 2004, ilishaonyesha njia: ukiondoka, mhusika analala gesti, na kila saa 8 anajiwekea akiba ya asilimia 5 ya leveli, atakayoivuna kwa pointi maradufu ukirudi. Akiba inajaa kwa siku 10. Umekwenda msibani Tanga, unarudi una faida.

Na apdeti zao. Gigabaiti 20 kwa mtandao wa megabiti 4 ni saa 11, hapo usikatike. Ukikatika, kuna magemu yanaanza kuhakiki faili zote upya. Mengine yanakushushia sauti za lugha zote bila kukuuliza, yaani umenunua bando la mwezi ili zimwi likutukane kwa Kijerumani.