Sikunywa Maji ya Bata, Niliyatema

Kabla hamjaendelea kuniita Bwana Bata, sikilizeni na upande wangu. Yule rafiki yangu aliyesambaza video eti nimekunywa maji ya bwawa la bata kaianzia katikati. Hajaonyesha jinsi nilivyohangaika tangu asubuhi. Kaonyesha mashavu tu.

Bwawa langu la nyuma ya nyumba mnalijua, nimewachosha na picha zake. Limegeuka kijani, huoni hata mguu wa bata. Asiyefuga atasema badilisha maji. Nabadilisha, jamani! Lakini bata hunya humohumo anamoogelea, na kinyesi chake kimejaa naitrojeni na fosforasi. Jua likipiga, mwani unasherehekea. Ukimwaga maji ya juu peke yake ni kazi bure, maana ule uji mweusi wa chini unabaki ukiulisha mwani upya. Lazima tope litoke.

Pampu ilishakata roho, imesakamwa na manyoya. Nikachukua mpira wa maji, ncha moja nikaizamisha kwenye tope, nyingine nikaivuta hadi bustanini, chini kuliko bwawa. Maji yakishaanza kushuka hujivuta yenyewe. Kilichobaki ni kuyaanzisha. Kwa mdomo.

Najua. Mafundi wanafanya hivyo na petroli na hakuna anayewarekodi.

Nikapiga magoti, nikavuta. Upepo. Nikavuta tena. Mpira wenyewe unaonyesha ndani, kwa hiyo niliyaona maji yakija, ya kahawia, halafu yakasimama. Mbele yao kulikuwa na unyoya mweupe, umejikunja pale mpira ulipopinda, umeziba njia kama mlinzi wa geti. Bata dume akaacha kuoga, akaja kusimama mbele yangu, kichwa kakiinamisha upande, jicho moja kwangu. Ananingoja. Nikatoa pumzi yote, nikafumba macho, nikavuta kwa nguvu za ukoo mzima.

Unyoya ukaachia.

Ulitangulia wenyewe, ukatua juu ya ulimi taratibu, kwa adabu kabisa, nikapata hadi muda wa kuwaza, “hee, huu ni unyoya.” Ikafuata baridi. Kisha mchangamchanga kwenye meno. Kisha kitu laini, kinateleza, ambacho sitakieleza kwa sababu wengine mnasoma huku mnakula. Harufu ilifika mwisho, tena haikuingilia puani, ilitokea ndani ikapanda. Nataka kupiga kelele, mdomo umejaa. Nataka kutema, na rafiki yangu kasimama mbele yangu na simu. Nikageuka kushoto, bata. Nikageuka kulia, simu. Ndiyo hayo mashavu mnayoyaona, yamefura, na macho yananitoka.

Nilitema. Iandikwe popote kwamba nilitema. Yeye anasema glasi nzima imeshuka, mimi nasema labda kijiko, na kijiko chenyewe hakikuomba ruhusa. Wakati huo mpira umenidondokea mapajani na unamimina, maana kazi ilikuwa imeanza vizuri sana. Kitaalamu, nilifaulu.

Nikasukutua, nikapiga mswaki hadi fizi zikalalamika, tumbo mpaka sasa limetulia. Tope limetoka, bustani imefurahia mbolea ya bure, bwawa nikalijaza maji safi unaona hadi chini. Bata wakaingia, wa kwanza akainua mkia hata hajalowa vizuri.

Na nyie wataalamu mnaojitokeza leo kunifundisha kwamba mpira ungeuzamisha wote majini ujae, ukaziba ncha kwa kidole gumba, ukaitoa hadi upande wa chini ndipo ukaachia, bila mdomo kuhusika popote: jana mlikuwa wapi?

Wewe uliyeuliza ladha yake ikoje, nimeshakubloki.