Mzee anatunzwa, lakini naye apewe cha kutunza

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee hapa Ujerumani, na nikipiga simu Kigoma naulizwa swali lilelile: ni kweli Wazungu wanawatupa wazazi wao? Si kweli. Tangu 1995 kuna bima ya lazima ya matunzo. Mfanyakazi anakatwa kwenye mshahara, na mzee asiyejiweza anapimwa na kupangiwa daraja moja kati ya 5 yaliyopo, ambalo ndilo linaloamua atalipiwa nini. Anaogeshwa, anageuzwa kitandani asipate vidonda, anapewa dawa kwa saa. Kwetu mzee akianza kusahau na kupotea njia usiku, kuna nyumba ambako minong'ono ya uchawi inatangulia daktari. Kwa hilo wametuzidi, nasema bila kupepesa macho.

Walichokosa ni hiki: mzee wa hapa anatunzwa bila kubakishiwa chochote cha kutunza yeye. Kuna mama mmoja asiyekumbuka hata majina ya wanawe, ambaye hukaa kimya kutwa. Siku moja mgeni alikuja na mtoto mchanga. Yule mama akanyoosha mikono, akampokea huku ameikinga shingo yake vizuri, kisha akauliza kama ameshanyonya. Kumbukumbu haikurudi. Kilichorudi ni sababu ya kuwa macho.

Naamini akili inachipukia hapo, kwenye kujali kitu. Mark Solms, mtaalamu wa ubongo wa Afrika Kusini, anasema chimbuko la fahamu ni hisia: njaa, kiu, woga, yale yanayomjulisha kiumbe kama maisha yake yanakwenda vyema au vibaya. Ndiyo maana programu za kompyuta zinazojibu maswali hazinishawishi kwa ufasaha wake. Jibu likiwa baya, haziumii popote.

Na sisi ushahidi tunao mlangoni. Panda boti pale Kibirizi, Kigoma, uende hifadhi ya Gombe, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Mtoto wa sokwe hujifunza kuvua mchwa kwa kijiti akiwa ubavuni mwa mama yake, kwa miaka. Sokwe jike aliyeitwa Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint alikuwa na miaka 8, umri wa kuweza kujitafutia. Akaacha kula, akadhoofu, akafa wiki chache baadaye. Chakula alijua kiliko. Lakini mwaka 1987 sokwe yatima Mel aliokotwa na dume kijana, Spindle, ambaye hakuwa ndugu yake wa karibu. Alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, na Mel akaishi.

Hata mitaani Kigoma, Mwanga na Ujiji, mtoto wa miaka saba anafungiwa mdogo wake mgongoni kwa kitenge, na anatofautisha kilio cha njaa na cha usingizi kabla hajajua kusoma. Wasichana wengi wanalipia malezi hayo kwa kukosa masomo, na hilo silitetei hata kidogo. Ila ule umakini wanaoupata ni elimu.

Sasa kaka anapendekeza kuku wa mama wauzwe na mjukuu anayelala naye arudishwe kwao, kwa kuwa nimetuma hela ya msaidizi na mama anatakiwa apumzike. Nimekataa. Msaidizi achote maji, afue, apike. Kuku wabaki, na mjukuu abaki.