Darasani nilikuwa simba

Kuna mwandishi anasema mwalimu anayefaulisha wanafunzi ndiye afanywe mwalimu mkuu. Mh! Mimi nilifundisha hisabati huku Rungwe miaka kumi na mmoja, nikakabidhiwa ofisi bila hata semina ya siku moja. Darasani nilikuwa simba. Ofisini nikakutana na ruzuku ya elimu bila malipo, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo kuna fungu la vitabu. Mvua ya Machi inapiga, bati linavuja, mzazi yuko mlangoni, na mwenzangu wa juzi tu ananiita "bosi" kwa kejeli. Posho ya madaraka naipokea, sikatai. Lakini ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu, wana kampasi hapahapa Mbeya, kwa nini mtu asipitie huko kwanza? Vipindi vyangu vya darasa la saba sijaviachia mpaka leo.