Kuhusu Lile la Nyerere, Tulieni Niseme Mwenyewe

Najua mmeshasikia. Yule aliyenipeleka kwa gari lake, hata maegesho hatujatoka, ujumbe wa sauti wa dakika nne umeshatua kwenye grupu la Watanzania wa hapa Columbus, na kwa nyuma nasikika mimi: "Usitume, nakuomba, usitume." Kwa hiyo mnavyojua nyie, nilikwenda kwenye usaili wa uraia wa Marekani, nikaulizwa Baba wa Taifa ni nani, nikajibu Nyerere.

Si kweli. Yaliyotokea ni mabaya kuliko hayo.

Fomu N-400, ile ya kuomba uraia, niliituma Agosti 2025. Dola 710 zikakatwa papo hapo, na tangu hapo sijaona kingine kilichofanyika haraka. Zikaja alama za vidole, hazikusomeka. Miaka ya kusugua masufuria ya hoteli kwa dawa kali imenifuta vidole vyote. Nikarudishwa nyumbani kusubiri barua nyingine, kila usiku najipaka vaselini mikononi kama mwali anayeandaliwa. Barua ya usaili ilipokuja nilikuwa nimeshakariri maswali yote 100 ya mtihani wa uraia. (Mliotuma kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 yenu ni 128, poleni.) Nikajua nimejipanga.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani. Akaniapisha, mkono wa kulia juu, kwamba nitasema kweli tupu. Tukaanza kupitia fomu. Umewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti? Nikaikumbuka kadi ya TANU ya marehemu baba, nikameza mate. Hapana. Umewahi kushiriki mauaji ya kimbari? Hapana. Kumtesa mtu? Hapana. Umewahi kucheza kamari haramu? Hapana. (Mnaocheka nawaona.) Hapana, hapana, hapana, mpaka ikawa kama kuitikia kwaya. Akili ikaenda zake kupumzika, mdomo ukabaki na zamu.

"Unaiunga mkono Katiba ya Marekani?"

"Hapana."

"Unakielewa kiapo cha utii?"

"Hapana."

"Uko tayari kukila?"

"Hapana." Hili nililisema huku natabasamu, jamani. Tabasamu la mtu anayeona mambo yanamwendea vizuri.

Kalamu yake nyekundu ikasimama. Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la sweta, kioo kimoja, halafu cha pili. Akaivaa. Akanitazama, akaitazama picha yangu kwenye kadi ya kijani, akanitazama tena. Mimi bado natabasamu. Tumbo likanguruma, tukalisikia wote wawili.

"Bwana," akasema taratibu, "umekuja hapa kuomba nini?"

Ndipo maswali matatu yale yakanirudia kichwani, moja moja, kama bili. Mtu mwenye akili angesema samahani, naomba nirekebishe. Mimi nikaropoka: "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo kwa yote!"

"Kwa yote?" Kidole chake kikaanza kupanda juu ya ukurasa. Kikapita kwenye kamari. Kikapita kwenye mateso. Kikatua kwenye mauaji ya kimbari, kikatulia hapo.

"Yote!" Na mkono wa kulia nimeshauinua tena, bila kuombwa na mtu.

Sitawaeleza ule ukimya. Ninachokumbuka ni kwamba alikohoa, akageukia ukutani kidogo, mabega yakamtikisika, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema tuanze upya, na safari hii nisikilize swali liishe. Tukaanza upya. Nikasoma sentensi, nikaandika sentensi, nikaulizwa ya uraia, nikafaulu, sasa nasubiri barua ya siku ya kiapo. Mama kule Tanga kauliza jambo moja tu: kwa kuwa kwetu uraia wa nchi mbili haupo, nikija kumwona ndiyo nitakuwa nalipia viza dola 100? Nikamwambia mtandao unakatika.

Sasa hilo la Nyerere. Mtihani wenyewe, huu wetu wa zamani, maswali ni mpaka 10, na ukifikisha sita ya kweli afisa anakusimamisha. Mimi alinisimamisha kwenye la saba.

Hesabuni wenyewe.